Mwanafunzi wa Nyuma ya Ukuta

Vijana wangu mnaofundisha watu wazima, najua mnanicheka. Juzi mliponiita darasani kwenu hapa Voi niwaonyeshe tulivyokuwa tukifundisha zamani, nilishika chaki, nikaupa ubao kisogo, nikawapa wanafunzi ubavu, nikakaza macho kwenye ukuta mtupu na kuanza somo. Mmoja wenu akamnong'oneza mwenzake, "Huyu mzee haoni vizuri." Naona vizuri, asante. Nilikuona hata wewe uliyeziba mdomo kwa kiganja ukicheka.

Ni mazoea tu. Nilianza kufundisha watu wazima kule kwetu Ronge, katika milima ya Taita, kabla ya vita vile vikubwa vya kwanza, wakati garimoshi bado lilikuwa jambo la watu kufunga safari kwenda kulitazama. Mwanafunzi aliyenitengeneza nikawa mwalimu alikaa nyuma ya ukuta, na kwa miaka mingi sikumwona uso. Nataka niwasimulie habari zake, kwa sababu kila mnaposema kwamba sauti yangu inaeleweka mnamsifu yeye, na yeye hayupo tena wa kuzipokea sifa hizo.

Nilipewa darasa nikiwa kijana ambaye ndevu bado zinasitasita kutoka. Aliyenipa ni Mwalimu Tomasi, mtu wa pwani, mfupi, mwenye kikohozi na subira nyingi, aliyeletwa milimani na misheni. Asubuhi aliwafundisha watoto. Wazazi wao wakawa wanasimama mlangoni kusikiliza, naye akaona aibu kuwaacha wamesimama. Akafungua darasa la alasiri kwa ajili ya wakubwa, akanikabidhi mimi.

"Watoto ni kazi rahisi," aliniambia. "Mtoto ukimwambia kaa, anakaa. Mtu mzima kwanza umtafutie kiti."

Nilidhani anatania. Siku ya kwanza niliwakalisha wazee kwenye mikeka ya watoto. Walikaa kwa adabu, magoti yakiwalia, wakanishukuru, na siku iliyofuata hakurudi hata mmoja. Mwalimu Tomasi hakunigombeza. Alinituma nizunguke nyumba kwa nyumba nikamwombe kila mtu aje na kigoda chake cha nyumbani. Wakarudi na vigoda vyao kwapani na vichwani. Mtu mzima akikalia kigoda chake mwenyewe, hata akikosea ubaoni haimchomi sana, maana ni kama amekosea akiwa kwake. Nyinyi siku hizi mna madawati mazuri yaliyopakwa rangi, lakini mkiona mwanamke ameanza kuja na kigoda chake, mwacheni akikalie.

Alinifundisha pia kuacha somo kabla mbuzi hawajarudi malishoni, kwa sababu mbuzi wakishalia bondeni unakuwa unafundisha watu ambao masikio yao yameshakwenda nyumbani. Chaki ikituishia tuliandika kwa vipande vya muhogo mkavu. Ubao tuliupaka masizi yaliyochanganywa na utomvu wa mgomba, na nguo zangu zote za ujana zilikuwa na madoa ya utomvu huo ambayo hayakutoka mpaka nguo zenyewe zilipochakaa.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Mwalimu Tomasi hakulijua kwa kuwa alikuwa mgeni, na mimi mwenyeji sikulifikiria. Ni habari ya wakwe. Kwetu wakati ule mwanamume na mama mkwe wake hawakutazamana. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hawakukaa chumba kimoja, hawakula pamoja, hawakusemeshana ana kwa ana. Haikuwa chuki hata kidogo. Ilikuwa heshima, na ilianza siku ileile pombe ya posa ilipoingia nyumbani kwa msichana. Sasa chukua watu wa mlimani ambao kila mmoja ameoa kwa jirani yake, uwatie wote katika chumba kimoja cha udongo chenye mlango mmoja, halafu uone.

Mimi niliona. Bwana mmoja alichelewa, akaingia wakati mama mkwe wake yuko mbele anasoma. Yule mama alijifunika shuka kichwani, akarudi kinyumenyume kutafuta mlango, akanigonga mimi, nikaugonga ubao, tukaanguka wote watatu. Darasa likacheka mpaka watoto wakaja kuchungulia. Baada ya hapo niligawanya siku: wanawake siku zao, wanaume siku zao. Nikajiona mjanja sana. Sikukumbuka kwamba mwalimu naye ni mwanamume, na naye siku moja ataoa.

Katika siku za wanawake alikuja Mama Wakesho. Alikuwa mjane, mrefu, mikono imekomaa kwa jembe, na shamba lake la miwa na migomba lilikuwa safi kuliko ua wa misheni. Nilimwuliza kama nilivyowauliza wote, "Mama, unataka kusoma kwa nini?" Wengine walikuwa wamesema wanataka kubatizwa, wengine hawataki kudanganywa madukani kule Voi. Yeye alisema, "Ni kwa sababu ya shemeji yangu."

Shemeji mwenyewe alikuwa Mwakio, mdogo wa marehemu mumewe. Ndiye peke yake aliyejua kusoma katika ukoo ule, na kila Jumapili alifika kwa mjane na kitabu cha dini kumsomea.

"Kila akikifungua kinafunguka palepale," Mama Wakesho akaniambia. "Pale panaposema mwanamke atii. Akishamaliza anafunga kitabu, anauliza habari za shamba langu la miwa, eti nihamie kwake, shamba alitunze yeye. Mwalimu, kitabu chenyewe ni kinene hivi. Haiwezekani kimejaa neno moja. Nataka kusoma zile kurasa nyingine mwenyewe."

Wanawake wenzake walicheka, lakini yeye hakucheka. Nikamwambia kwamba akikimaliza kitabu cha kwanza cha kusoma, hakuna ukurasa utakaomshinda. Tangu siku ile alikuja kila somo, mvua au jua, na kigoda chake alikiweka mbele kabisa.

Sasa nifike kwenye habari yangu mimi. Mama Wakesho alikuwa na binti, na jina la binti mmeshalijua. Wakesho alikuwa akimpitia mama yake somo likikaribia kwisha ili waende pamoja kuteka maji, na alisimama mlangoni kungoja. Mwanzoni alikuwa akifika wakati wa kufunga. Baadaye akawa anafika mapema. Mimi nilikuwa nikimaliza sentensi zangu nikitazama mlango.

"Mwalimu," Mama Wakesho alisema siku moja mbele ya darasa zima, "herufi ziko ubaoni. Mlangoni hakuna herufi."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini somo lilipokwisha alibaki nyuma, akamtanguliza binti yake mtoni, akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"Nimekuona, na mtoto naye nimemwona. Sina neno, wewe ni kijana mzuri. Lakini pombe ya kwenu isiingie kwangu kabla sijamaliza kitabu. Ikiingia tu, wewe ni mkwe wangu, na mkwe hawezi kunifundisha. Hiki kitabu kitabaki nusu mpaka nife, na Mwakio atanisomea ule ukurasa wake hata kaburini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Basi nifundishe."

Jamani, nilifundisha! Hakuna mwalimu katika milima yote ya Taita aliyewahi kufundisha kwa bidii kama mimi miezi ile. Nilifika kabla ya wanafunzi. Nilichora herufi kubwa kama milango. Mwalimu Tomasi alidhani nimeshukiwa na roho ya kazi, akanisifu kanisani, nami nikainamisha kichwa. Nyumbani nilikuwa nimewaambia wazi: pombe ingojee neno langu. Baba akakubali. Mjomba wangu Mwandoe, aliyekuwa msemaji wetu katika mambo ya posa, naye akakubali.

Tulikuwa tumefika katikati ya kitabu nilipotumwa Voi kupokea shehena ya vibao vya kuandikia iliyokuja na garimoshi. Nilikaa kule siku chache kwa sababu shehena ilichelewa. Nikapanda mlima nikiwa na furaha, vibao vikilia mgongoni. Karibu na nyumbani nikamwona Mama Wakesho anakuja mbele yangu na mkungu wa ndizi kichwani. Nikafungua mdomo nimwamkie. Aliponiona aliutua mkungu chini, akaingia kichakani, akanipa mgongo.

Nilisimama nikiukodolea macho ule mkungu wa ndizi njiani. Hakuna aliyehitaji kunieleza. Sikujua hata kama nilikuwa namhurumia yeye au najihurumia mwenyewe.

Nyumbani nilimkuta baba ananoa panga, na mjomba Mwandoe yuko kando yake, wote wawili wana nyuso za sherehe.

"Baba, si nilisema tungoje?"

"Ulisema," baba akakubali. "Lakini jua la juma hili lilikuwa kali. Pombe ya miwa imeiva kabla ya siku yake. Ulitaka tuimwage?"

"Mngekunywa wenyewe!"

"Pombe ya posa?" mjomba akashangaa. "Tuinywe sisi, halafu msichana tumwambie nini?"

"Basi wairudishe."

Mjomba alinitazama kana kwamba nimesema nitaoa mbuzi. "Imeshanywewa, mwanangu. Warudishe vibuyu?"

Baba hakucheka. Aliweka panga chini akanieleza polepole kwamba ningeweza kweli kuifuta posa. Mama Wakesho angepika pombe nyingine kama ile na kuileta kwetu, na mambo yangekwisha. Lakini huko kungekuwa kumkataa binti mbele ya ukoo mzima, na Wakesho asingepata tena mtu wa kumposa bila kuulizwa ana kasoro gani. Nilikuwa na njia mbili tu. Nikimwacha Wakesho, mama yake anamaliza kitabu. Nikimchukua Wakesho, kitabu kinabaki nusu na Mwakio anaendelea na ukurasa wake, pengine mpaka alipate shamba. Sikulala vizuri, na sikuweza kumwacha Wakesho. Siwezi kujifanya shujaa hapa, nilimpenda.

Somo lililofuata mahali pa Mama Wakesho palikuwa wazi. Nilisoma majina, jina lake nikaliruka. Nikageukia ubao nikaanza kufundisha kama mtu anayesukuma jiwe kupanda mlima. Mara nikasikia mtu anakohoa nje, nyuma ya ukuta, upande wa migomba.

"Mama Mghoi," ile sauti ikasema, "mwambie mwalimu anameza maneno."

Mama Mghoi, mwanamke mnene mwenye uso wa ucheshi aliyekuwa ameegemea ukuta ule, akanigeukia bila hata kutabasamu. "Mwalimu, kuna mtu nje anasema unameza maneno."

Nikahisi machozi yananijia, nikajikohoza. "Mwambie huyo mtu nimesikia."

Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa ameleta kigoda chake, akakiweka nje kwenye kivuli cha ukuta wa udongo, na kibao chake magotini. Hakuniona, sikumwona. Hakunisemesha, sikumsemesha. Heshima ilikuwa palepale, na hata wazee wakali kuliko wote walipoulizwa walikuna videvu wakakosa cha kukataza.

Nikaendelea na somo, nikagonga ubao. "Herufi hii inasomwa hivi, na hii inasomwa hivi."

"Mama Mghoi, mwulize mwalimu, hii ipi? Mimi ubao siuoni."

Vijana, mkisahau yote niliyoandika humu, shikeni hili. Mwalimu anapenda sana neno "hii". Anaelekeza kidole, anasema hii, na darasa linaitikia, naye anadhani amefundisha. Tangu siku ile sikuruhusiwa kusema hii. Ilinibidi nigeuke, niuelekee ukuta aliokuwa nyuma yake, nimweleze herufi kwa mdomo hadi mkono wake uiandike. Nikaanza kutafuta vitu vya nyumbani. Herufi moja ikawa mdomo wa chungu. Nyingine fimbo iliyosimama na kibuyu kimekaa mbele ya mguu wake, na mwenzake fimbo na kibuyu nyuma. Nyingine vilima viwili vilivyoshikana. Nyingine njia ya kupandia Ronge, inavyokwenda huku halafu ikajipinda kule. Akishaandika alikipitisha kibao kwa Mama Mghoi kwenye kidirisha cha juu ukutani, nami nakitazama, nakirudisha. Nilijua mwandiko wake kuliko nilivyojua uso wake. Nilijua siku aliyochoka, na siku aliyopalilia mpaka vidole vikawa vizito.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba na wale waliokaa ndani, waliokuwa wakiuona ubao siku zote, walianza kusoma haraka kuliko zamani. Bibi mmoja aliyekuwa haoni mbali, ambaye nilimdhania mzito, kumbe hakuwa mzito hata kidogo. Alikuwa haoni tu, na aliona haya kusema.

Katikati ya hayo nikamwoa Wakesho. Jioni moja nilimwomba aniambie mama yake anasemaje habari za masomo. "Anasema unaharakisha ukikaribia kumaliza," mke wangu alinijibu. "Anasema sasa huna tena sababu ya kuharakisha."

Mwakio alivumilia kwa muda. Kisha alasiri moja akaja darasani, kitabu chake kwapani, akapita moja kwa moja mpaka nyuma ya ukuta. Sisi ndani tulisikia kila neno.

"Shemeji, unaaibisha ukoo. Mke wa ndugu yangu anakaa vumbini nyuma ya nyumba kama mtu aliyekuja kuiba kuku. Inuka twende."

"Nikimaliza kibao hiki."

"Unasoma nini? Hujui kusoma. Haya, kama unajua, soma." Tukasikia kitabu kinafunguliwa, na kila mwanamke ndani alijua kimefunguka wapi.

Mama Wakesho alikipokea kitabu. Nilikuwa nimeshika kipande cha muhogo mkononi, kikavunjika.

"Huu naujua kwa moyo," alisema. "Nikiusoma utasema nimekariri, na utakuwa umesema kweli." Halafu tukasikia karatasi inageuzwa.

Akasoma ukurasa uliofuata. Alisoma polepole, akisimama mahali pa kujikwaa, akirudi nyuma, akipita. Mara mbili tatu nilitaka kumsaidia kupitia ukutani, nikajizuia. Sijui alikuwa amejua kilichoko kwenye ukurasa ule, nadhani hakujua. Ulikuwa unasema na wanaume. Uliwaambia namna ya kukaa na wake zao kwa upole, na chini zaidi ukawaonya wanaochukua mali za wajane. Alipofika hapo sauti yake ilipungua, si kwa woga, ni kwa mshangao. Akarudia mstari ule tena, safari hii bila kujikwaa.

Kisha akasema, "Kumbe karatasi ina upande wa pili, shemeji."

Mama Mghoi aliangua kicheko, na chumba kizima kikamfuata. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeugeukia ukuta nikilia kama mtoto, na nashukuru kwamba hakuna aliyeniuliza. Mwakio aliondoka. Kitabu alikiacha pale magotini kwa shemeji yake. Hakuwahi kurudi kukidai, na ya shamba la miwa hakuyauliza tena. Mpaka leo sijui kama alikisahau kwa hasira au alimwachia kwa heshima. Nimechagua kuamini kwamba ni heshima, kwa sababu miaka ya baadaye nilimsikia akijisifu mbele ya wageni kwamba mke wa marehemu ndugu yake ni msomaji.

Vita vilipokuja, mimi na wanaume wengi wa milimani tulichukuliwa kubeba mizigo ya askari kuelekea Taveta, na yale sitayaandika humu. Niliporudi, nimekonda, nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha darasa. Mlangoni nikasikia, "Fimbo imesimama, kibuyu kiko mbele ya mguu wake." Nikaruka nyuma haraka. Mwalimu alikuwa mama mkwe wangu. Wakati wote ule nisipokuwepo aliwafundisha wanawake wa Ronge, na alikuwa amewafikisha mbali kuliko nilivyowaacha. Sasa ingekuwaje? Chumba kilikuwa kimoja, na mkwe alikuwa ndani. Ilibidi mimi nihame, na ndiyo sababu nilishuka Voi. Mwalimu Tomasi, aliyekuwa mzee sana wakati huo, alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

Hapa Voi palikuwa pameshakuwa mji, wenye maduka, karakana ya reli na watu wa kila namna. Upande ambao nyinyi sasa mnauita Kaloleni kulikuwa na mfanyabiashara kutoka pwani, Bwana Salim, mtu mcha Mungu na mpole, aliyetaka wanawake wa nyumba yake wajifunze hizi herufi za skuli. Walimu wawili walikwisha kushindwa, kwa kuwa wanawake wale walikaa nyuma ya pazia na hawakuonwa na mwanamume asiye wao. Waliniambia ni kazi isiyowezekana. Mimi niliingia sebuleni, nikaligeukia pazia, nikajisikia niko nyumbani.

"Fimbo imesimama," nikaanza. "Kibuyu kiko mbele ya mguu wake."

Nikasikia vibao vinakwaruzwa. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, Bi. Zuhura, mke wa Bwana Salim, ikasema, "Mwalimu, samahani. Mbele ya wapi?"

"Mbele, bibi. Upande wa kuendelea kuandika."

"Sisi twaandika toka kulia twenda kushoto. Mbele yetu si mbele yako."

Nikashusha chaki. Wanawake wale walikuwa wakisoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu tangu utotoni, na vibuyu vyangu vyote nilikuwa nimewawekea kinyume. Hilo nalo liwe funzo kwenu: mwulizeni mtu anajua nini kabla hamjaanza kumfundisha. Tukakubaliana kwamba badala ya mbele na nyuma tutasema upande wa dukani, mkono wao wa kulia, na upande wa kisimani, mkono wao wa kushoto. Wakasoma kwa muda mfupi sana. Siku ya kumaliza Bi. Zuhura alinitumia sahani ya maandazi ya iliki, akaniuliza kutoka nyuma ya pazia, "Mwalimu, nani alokufundisha kufundisha watu usowaona?"

"Mama mkwe wangu, bibi."

"Mungu ampe umri," akasema, na wenzake wote wakaitikia amina. Nilipopanda Ronge nilimtuma Wakesho ampelekee mama yake salamu hizo pamoja na maandazi. Nimeambiwa maandazi aliyala yote mwenyewe, na salamu alizirudiarudia kwa majirani kwa miezi.

Mungu alimpa umri kweli. Lakini macho yalianza kumfifia. Kwanza alisogeza kitabu karibu, baadaye akakisogeza mbali, mwishowe akakiweka. Mke wangu alilia aliponieleza. Wakati huo watu wengi walikuwa wameanza kuzilegeza zile heshima za zamani. Unapeleka kondoo na nguo kwa mkwe, mnakubaliana, basi mnaonana kama watu wengine. Nikanunua nguo nzuri, nikatafuta kondoo mnono, nikamtuma Wakesho aulize kama ninaweza kuja kukaa ndani nimsomee.

Jibu likarudi na kondoo. "Anasema nguo ameichukua, ni nzuri," Wakesho akaniambia. "Lakini kondoo amekurudishia mwenyewe. Wakwe anao wengi katika ukoo, lakini mwalimu anaye mmoja, na mwalimu wake hukaa upande wa pili wa ukuta."

Basi nikachukua kigoda changu nikakiweka nje ya nyumba yake, upande wa migomba. Yeye alikaa ndani, ameuegemea ukuta huo, na Wakesho akakaa mlangoni kati yetu. Kila nilipokuwa Ronge nilimsomea alasiri, kitabu kilekile alichokiacha Mwakio, kimelegea jalada. Nilikianza mwanzo. Nilisoma kwa sauti aliyonifundisha mwenyewe, nisimeze maneno.

Siku moja tukafika kwenye ukurasa wa Mwakio. Niliujua kabla sijaufungua, kwa kuwa karatasi yake ilikuwa imechakaa kuliko nyingine zote. Nikaona si adabu kumsomea maneno yale tena, yeye mzee, kipofu, aliyeyasikiliza Jumapili zote zile. Nikageuza karatasi kimyakimya, nikaendelea na upande wa pili.

Sikufika mbali. Kisha nikasikia ukuta unagongwa kidogo kwa kidole.

"Wakesho, mwambie mwalimu ameruka."

Wakesho akanigeukia. "Mwalimu, umeruka."

"Mwambie mama nilidhani ule hautaki."

Wakesho hakuhitaji kumwambia, mama yake alikuwa amesikia. "Mwambie arudi," mama mkwe wangu akasema. "Nilijifunza kusoma ili nisichaguliwe kurasa. Na yeye asinichagulie."

Nikarudi nyuma, nikaugeukia ukuta, nikausoma ukurasa ule wote.